Treni Iliyopanda Lushoto

"Mama, hilo boksi lina nini? Linakula siti ya abiria."

"Treni," nilijibu.

Tulikuwa stendi ya Mombo, saa saba mchana, jua limewaka kama pasi ya mkaa. Konda wa Coaster aliniangalia, akaliangalia boksi nililolipakata, kisha akawageukia abiria kutafuta mashahidi. "Jamani, mama huyu anapandisha treni Lushoto! Wajerumani wenyewe walishindwa!"

Gari zima likacheka, nami nikacheka nao. Nikalipa nauli ya siti ya pili bila kubishana. Boksi kweli lilikuwa limekalia nafasi ya mtu, na reli kweli haikuwahi kupanda Lushoto.

Boksi lile lilikuwa limekaa juu ya kabati langu mjini Tanga kwa miaka sita. Binamu yangu anayeishi Hamburg alilituma watoto wake walipokua wakaacha kulichezea. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni chekundu, mabehewa mawili, vipande 12 vya reli iliyopinda, vinne vilivyonyooka, na kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme. Hili si toi la kuzungushwa chini ya meza. Huko Ujerumani wako watu wazima, wenye mvi na pensheni zao, wanaotandaza reli kama hizi bustanini katikati ya maua na kabichi. Hujenga madaraja na stesheni, na Jumapili huwaita majirani waje wanywe kahawa wakiitazama treni inavyopita chini ya waridi. Binamu alinitumia na karatasi yenye maneno machache: "Usiifungie ndani. Ni ya nje, na ni ya watu."

Mimi naishi ghorofa ya tatu. Nje yangu ni kamba ya kuanikia nguo. Basi Desemba ilipoingia, shule zimefungwa na likizo yangu imeiva, nikaukumbuka uwanja wa mama mdogo, Lushoto.

Kabla ya kupanda Coaster nilikuwa na kazi moja Mombo. Nilitembea hadi relini, mahali watu wanapovukia, nikatoa tepu ya fundi cherehani na kuinama. Kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi ukingo wa ndani wa nyingine: sentimita 100. Mzee mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli alisimama.

"Unaishonea suruali?"

"Shikamoo mzee. Naipima tu."

"Marahaba. Haijanenepa hiyo. Tangu enzi za babu yangu iko vilevile."

Alikuwa sahihi. Reli hii ya mita moja ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, mwaka uleule ambao Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika Tanga hai 62 tu. Viwili hivyo, reli na mkonge, ndivyo vilivyoichora upya nchi yote ninayoipita kwa basi kutoka Tanga. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni iliyokuwa ikijenga ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Korogwe ikafikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905. Hapo ilikuwa imetembea kilomita 129, na karibu kila walichokitamani walowezi kilikuwa juu ya mlima: hewa baridi, mbao, mashamba, na mji wao wa Wilhelmsthal, ambao ndio Lushoto. Reli ikafika mguuni pa mlima, ikatazama juu, ikaambaa zake chini kwa chini mpaka Moshi mwaka 1911.

Sasa sikiliza ajabu ya boksi langu. Reli zake zina upana wa milimita 45. Kampuni ya Nuremberg iliyoanza kuuza treni hizi za bustanini mwaka 1968 ilichukua treni za Ulaya za njia nyembamba, zile za mita moja, ikazipunguza mara 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, utapata milimita 1,012.5. Imezidi mita kwa upana wa kidole. Maana yake, bila mtu yeyote kule Nuremberg kukusudia, nilikuwa nimepakata mfano wa reli ya Tanga. Kama treni ndogo ya kipimo kile inastahili bustani yoyote duniani, ni bustani ya Usambara.

Coaster ikaondoka. Mombo iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto takriban 1,400, na kati yao kuna barabara ya kilomita 33 inayojinyonganyonga ukingoni mwa bonde kama mkanda uliotupwa kitandani. Kila kona dereva alipiga honi, kila kona abiria tuliegemeana. Kabla ya Soni joto lilikuwa bado limetushika mashati. Baada ya Soni, mahali mto unapoporomoka jirani na barabara na akina mama wanauza plamu kwa visado, mtu mmoja akafunga dirisha, kisha wote tukafunga.

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Treni ya kawaida hupanda kwa uvumilivu: mita moja kwa kila mita 40 ni mlima mkali wa kutosha kwa behewa lenye mzigo. Ukiwa na mita 1,000 za kupanda, unahitaji kilomita 40 za reli. Barabara hii yenye kona zote hizi ina 33. Yaani treni ingehitaji njia iliyojipinda zaidi kuliko hii, na kila mpindo wake uwe mpana zaidi, uchongwe kwenye mwamba kwa sururu. Nilidhani nimeelewa. Kwenye karatasi kila mtu ni mhandisi.

Uwanja wa mama mdogo, ulio upande wa njia ya kwenda Irente, haufanani na uwanja. Unafanana na paa. Jikoni ni juu, geti ni chini, na kati yake ni mita 10 za majani, migomba miwili, mti wa peasi na kuku. Kutoka jikoni hadi getini ardhi inashuka sentimita 120. Mita 10 hizo ukizikuza mara 22.5 unapata mita 225, eneo la stesheni moja ndogo na choo chake. Kuiweka reli yote ya Tanga hadi Moshi ningehitaji bustani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 15.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umechoka. Hilo boksi la nini tena?"

Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lake moja tu. "Itakula mchicha?"

"Haitakula."

"Basi weka."

Asubuhi ya pili nilisawazisha kipande cha ardhi karibu na jiko, nikaunga vile vipande 12 vilivyopinda. Vipande 12 ni duara kamili, upana wake mita 1.2. Nikavuta waya kutoka dirishani, nikaunganisha kile kifaa, nikageuza kitufe. Kichwa chekundu kikanguruma, kikaondoka, mabehewa yakafuata. Kabla hakijamaliza mzunguko wa kwanza, ukuta wa michongoma ulikuwa umeota vichwa. Watoto saba wa jirani, mmoja ana gari la waya mkononi, mwingine kabeba mdogo wake mgongoni.

Mzunguko wa kwanza walishangilia. Wa pili walicheka. Wa tatu, yule msichana aliyebeba mtoto akauliza, "Shikamoo mama. Inaenda wapi?"

"Marahaba. Inazunguka."

"Mbona haifiki?"

Sikuwa na jibu. Nikalitazama duara lile tena kwa macho yake, nikaliona lilivyo: treni isiyotoka mahali wala kufika mahali. Wale wazee wa Ujerumani wanajua siri hii, ndiyo maana hawaachi kujenga. Leo stesheni, kesho daraja, ili treni ipate sababu ya kwenda. Na huku Lushoto safari yenye maana ni moja, kupanda.

Nikabomoa duara. Nikaweka vile vipande vinne vilivyonyooka kutoka getini kuelekea jikoni, moja kwa moja, nikaweka kichwa cha treni chini na kuwasha. Magurudumu yakazunguka, treni ikabaki palepale, ikilia kama nyuki ndani ya chupa. Nikaongeza umeme, ikaanza kurudi nyuma huku magurudumu yanazunguka kwenda mbele.

Hiyo ndiyo siri ya treni zote, kubwa na ndogo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hugusana mahali pasipozidi ukubwa wa sarafu. Uchache huo wa kugusana ndio unaoiwezesha treni kuvuta mamia ya tani tambarare kwa nguvu kidogo. Na uchache huohuo ndio unaoinyima pumzi mlimani, kwani haina pa kung'ang'ania. Lori hung'ata barabara kwa mpira; treni huteleza juu ya reli kama mtu mwenye soksi kwenye sakafu ya marumaru.

"Wewe unapanda mlima kama maji yanavyoshuka," sauti ilisema nyuma yangu.

Alikuwa jirani wa mama mdogo, bibi wa miaka sabini na kitu, jembe begani. Nikamwamkia. Akaitika, akaweka jembe chini, akaangalia reli yangu kama mtu anavyoangalia shati lililovaliwa kinyume.

"Maji ndiyo yanayokata moja kwa moja. Mtu huzunguka. Subiri."

Akarudi na vijiti vitatu vilivyofungwa mfano wa herufi A, vimefungwa uzi kileleni, na jiwe linaning'inia. Wakulima wa Lushoto wanakiita fremu A, na walioshiriki mradi wa kuzuia mmomonyoko na kilimo mseto uliokuwa hapa tangu miaka ya 1980 wanakijua kama wanavyojua mwiko. Ukikisimamisha, na uzi ukapita katikati ya alama iliyo kwenye kijiti cha ulalo, miguu yake miwili iko usawa mmoja. Unaweka kigingi mahali mguu mmoja ulipo, unaizungusha fremu, unatafuta usawa tena, unaweka kigingi kingine. Ukimaliza una mstari unaoambaa mlima bila kupanda wala kushuka, na hapo ndipo unapochimba tuta.

"Na ukitaka mstari upande kidogo kidogo?" nikauliza.

"Kama mfereji? Unaufunga kiatu mguu mmoja."

Tukapima miguu ya fremu yake: imeachana mita mbili. Nikapiga hesabu, safari hii kwa faida. Mita moja kwa 40 ni sentimita 5 kwa mita mbili. Tukafunga kipande cha mbao cha sentimita 5 chini ya mguu mmoja, ule wa upande wa bondeni. Sasa kila uzi unapotulia katikati, mguu wa juu uko sentimita 5 mlimani zaidi. Hatua kwa hatua, kigingi kwa kigingi, Bibi akanichorea njia ya reli uwanjani kwa chombo cha vijiti vitatu na jiwe. Wapimaji wa reli ya Tanga waliokuja na darubini zao walikuwa wakiutafuta mstari huohuo.

Tulipokuwa tunapumzika alinisimulia kuwa mababu walikuwa wakichimba mifereji ya kumwagilia kwenye milima hii kabla Mzungu hajaja, na hakuna aliyefundishwa na mtu mwenye karatasi. Miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu kupiga matuta mashambani kwa amri na faini, kazi ikawaangukia zaidi wanawake. "Mama yangu alikataa. Si kwamba hajui tuta. Alikataa tuta la kupigiwa kelele." Kisha akanyanyua fremu yake. "Hii nilijifunza mwenyewe, kwa kupenda. Mstari ni uleule, ila moyo tofauti."

Njia aliyoipata ilikuwa hivi: kutoka getini reli inaambaa upande wa kulia mita 4, inapinda nusu duara, inarudi kushoto mita 4, inapinda tena, inamalizia mita 4 nyingine hadi chini ya mti wa peasi. Kwa mipindo hiyo miwili nilihitaji nusu duara mbili, vipande sita na sita. Vile 12 vya Binamu, bila kubaki hata kimoja! Lakini mita 12 za njia iliyonyooka sikuwa nazo, na Lushoto hakuna duka la reli.

Nikaenda kwa fundi wa kulehemu karibu na soko.

"Fundi, nataka reli."

"Ya geti la kuteleza? Upana gani?"

"Ya treni. Milimita 45."

Alizima mashine, akavua miwani. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri madirisha yao wakasogea. Nikamwonyesha kipande cha shaba cha mfano. Akakigeuzageuza, akamwita mwenzake: "Mgosi, hebu njoo uone wazimu huu." Wakakubaliana kwamba nondo nyembamba za milimita 6 zingefaa. Nondo moja ina mita 12. Reli mbili ni nondo mbili, na ya tatu ikatwe vipandevipande iwe mataruma. Akachonga kipande cha mbao chenye upana wa milimita 45 kamili akakiweka katikati ya nondo kila anapolehemu. "Njoo kesho kutwa," akasema.

Siku ya kusubiri nilikwenda Irente na lile kundi la watoto, maana walikuwa wameshajiandikisha wenyewe kuwa wafanyakazi wa reli. Kule ukingoni mwamba unakatika ghafla, na mita zipatazo elfu moja chini yako nchi inalala: Mazinde na paa zake, mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama daftari la mistari, kisha nyika ya Wamasai hadi macho yanapochoka. Malori ya barabara kuu yalikuwa punje za mchele. Watoto walibishana reli iko wapi, na yule wa gari la waya alishikilia kuwa ameiona.

Mimi nilikuwa nikiwaza watu waliosimama ukingo huu wakitafuta namna ya kuushinda. Upande wa Usambara ya Mashariki kulijengwa reli nyembamba zaidi, ya sentimita 75, kutoka Tengeni hadi Sigi, kilomita 23 hivi, na nyumba ya mkuu wa stesheni yake bado imesimama Sigi, kwenye lango la hifadhi ya Amani. Huku Magharibi, kwenye misitu ya Shume, walikata tamaa ya reli kabisa. Walitundika kamba ya chuma yenye urefu wa kama kilomita 9 kutoka msituni hadi stesheni ya Mkumbara, kazi ya kampuni ya Bleichert ya Leipzig, na magogo ya mwangati yakawa yanashuka angani yakining'inia juu ya makorongo. Vita vya Kwanza vilipokuja, kutoka Mombo kuelekea Handeni kulitandazwa reli ya troli, na troli hizo zilisukumwa na watu kwa mikono yao.

Kote huko hesabu ilikuwa moja: mali ya mlima ishuke ifike melini. Mwangati ushuke, kahawa ishuke. Kumpandisha mtu wa Lushoto arudi kwao na mzigo wake ilikuwa kazi ya miguu yake.

Fundi alitimiza ahadi, jambo lililonishangaza kuliko treni. Nondo zilinyooka, zimelehemewa juu ya mataruma ya chuma, mfano wa yale niliyoyaona Mombo. Tukazitandaza juu ya kokoto ndogo ambazo watoto walizichekecha kwenye chujio bovu la mama mdogo, tukaziunga na mipindo ya shaba, tukanyanyua hapa, tukashindilia pale. Nikaunganisha umeme. Kichwa cha treni hakikutikisika. Kifaa kikazima chenyewe.

Nilikaa chini nikiyatazama mataruma ya chuma, kisha nikajipiga kofi la paji. Treni hii hupata umeme wake kutoka relini: reli moja inaleta, nyingine inarudisha. Nami nilikuwa nimeziunganisha zote mbili kwa chuma, mahali zaidi ya mia moja. Umeme ulikuwa ukivuka palepale bila kufika kwenye treni. Nilipoanza kuwaza namna ya kukata kila taruma, umeme wa mtaa mzima ukakatika na usirudi hadi usiku. Ukweli ukawa mmoja: treni ya Lushoto haiwezi kutegemea ukuta.

Fundi redio wa mjini ndiye aliyelimaliza. Alifungua kichwa cha treni kwa bisibisi ndogo, akakata nyaya zinazotoka kwenye magurudumu, akavuta nyaya mbili mpya hadi behewa la nyuma, na humo akalaza betri ndogo ya sola ya volti 12. "Sasa inatembea na mkate wake," akasema. Haikuhitaji tena shaba wala ukuta. Ingetembea hata juu ya mabua kama mabua yangekuwa na upana wa milimita 45.

Wakati huo watoto walikuwa na shughuli yao. Walitengeneza mabehewa ya makopo ya mafuta ya kupikia, lakini magurudumu ya kandambili waliyoyazoea kwenye magari ya waya yalikuwa yanatoka relini. Nikawaonyesha gurudumu la treni kwa karibu: upande wa ndani lina ukingo mpana unaoshuka chini ya uso wa reli, na ukingo huo ndio unaolikataza kutoroka. Yule wa gari la waya alitoweka. Alirudi na vifuniko vya chupa vya plastiki, vikubwa na vidogo, akavibandika viwiliviwili: kidogo kinakanyaga reli, kikubwa kinaning'inia ndani. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu ukingo wa gurudumu la treni. Sijawahi kuona ukielezwa vizuri kama kwenye vifuniko vile.

Ijumaa jioni treni ilipanda. Sikuishika mimi. Msichana wa "inaenda wapi" alikuwa amekwishajitangaza mkuu wa stesheni ya getini, ana filimbi ya kijani ya jani la mgomba, na yeye ndiye aliyewasha. Kichwa kikasita, kikashika, kikaanza kupanda taratibu mno, kikivuta betri yake na kopo moja lililojaa plamu tano. Mpindo wa kwanza watu walinyamaza. Bibi alikuwa amekaa juu ya ndoo, mkono shavuni. Fundi wa kulehemu alikuja na mkewe. Mpindo wa pili magurudumu yakateleza kidogo kwenye umande, yakashika tena. Na ilipofika chini ya mti wa peasi, kelele zilizopigwa zilimfukuza kuku hadi juu ya jiko.

Ilikuwa imetembea karibu mita 16 na kupanda sentimita 40. Mama mdogo alizipokea plamu, akazipangusa, akala moja. "Imeleta mzigo juu," akasema, kisha akaingia ndani kusonga ugali wa watu kumi na tano.

Usiku wa Jumamosi mvua ikanyesha ile ya Lushoto, ya kupiga bati kama deni. Asubuhi tuta la mpindo wa pili halikuwepo. Reli ya shaba ilikuwa inaning'inia hewani kama kamba ya Shume. Nilitaka kulia. Watoto walikuwa wamefika kabla yangu, na hakuna aliyehuzunika. Kwao ilikuwa kazi mpya. Bibi akaangalia alama za maji kwenye udongo, akaonyesha kwa kidole cha mguu. "Hapa ni njia yake ya zamani. Uliizibia." Tukalaza kopo la maziwa lililotobolewa pande zote mbili liwe kalvati, tukarudisha udongo, tukapanda majani ya tembo ukingoni ya kuushika. Kufikia saa nne treni inapita juu, maji yanapita chini, hakuna anayemdai mwenzake.

Siku tatu zilizobaki nilikaa kizingitini nikinywa chai, nikagundua kuwa sina kazi. Kulikuwa na ratiba imechorwa kwa mkaa ukutani mwa banda la kuku. Kulikuwa na nauli, plamu moja kwa safari. Kulikuwa na mgogoro wa wafanyakazi juu ya nani achaji betri kwenye sola ya fundi redio, na ukasuluhishwa bila mimi. Bibi alikuwa ameanza kuulizia kama mstari mwingine unaweza kupita ukingoni mwa bustani yake ya karoti, "kama hautakula kitu." Nikalikumbuka neno la Binamu. Nilikuwa nimeogopa kuwa nikiwaachia watoto wataivunja. Sasa niliona kwamba kama ningeendelea kuishika mimi, ingekuwa bado inazunguka duara karibu na jiko.

Jumatano nikashuka. Coaster ileile, konda yuleyule; alinitambua kabla sijafungua mdomo, akalipiga boksi kofi.

"Mama treni! Leo tena siti mbili?"

"Leo ni plamu. Chukua, onja."

Akachukua mbili. "Na treni yenyewe? Ilikushinda?"

"Imebaki juu."

"Ilipanda?"

Nikazidisha kichwani: sentimita 40 mara 22.5.

"Ilipanda mita tisa," nikamwambia. "Bado 991."

Akacheka mpaka Soni, na kila aliyepanda njiani akasimuliwa. Kona ya mwisho kabla ya Mombo joto likaturudia mashati, na chini kabisa, kati ya miti, reli ikaonekana imelala palepale ilipoishia kutazama juu.